Nyumba Nzima ya Mama Gisubizo

Upande wa Lac Vert, nje kidogo ya Goma, kandokando ya barabara iendayo Sake, wasafiri walijua kwamba mgeni wa Mama Gisubizo hapati nafasi ya kuchelewa kitandani. Alfajiri, kabla ya jua kugusa mabati ya Mugunga, mwenye nyumba alikuwa tayari uani, mshumaa ukiwaka juu ya sahani ya bati, akitembea polepole kuzunguka kuta. Siku ambazo upepo ulivuma aliuzima mshumaa, akaenda kuchemsha chai. Siku ambazo upepo ulilala, aligonga milango yote.

“Muamuke! Mutu asishuke uani kwa chini mpaka jua lipande!”

“Mama, unamunyanganya jogoo kazi yake,” alilalamika mgeni mmoja, mfanyabiashara wa maharagwe kutoka Masisi, akitoa kichwa dirishani.

“Jogoo hana mushumaa,” alijibu, akaendelea na mlango uliofuata.

Jina lake hasa lilikuwa Mukagasana. Mumewe, Harelimana, alikuwa mwashi mwenye mikono mizito, na nyumba hiyo aliijenga mwenyewe kwa mawe ya volkano aliyoyachonga moja baada ya jingine. Vyumba vinne alivijenga juu. Cha tano, kwa kuwa mawe ni jasho na ardhi pale ilikuwa imebonyea kati ya matuta mawili ya lava, alikichimba kwa chini, akakitengenezea ngazi na mlango wa mbao unaotazama uani. Kilikuwa chumba cha baridi nzuri, chenye kimya. Mtoto wao wa pekee, Gisubizo, alipofika umri wa kwenda shule alikiomba kiwe chake, na baba yake alikubali kwa fahari.

Watu wa Goma wanaijua hewa iitwayo mazuku. Hutoka ardhini kwenye nyufa za mawe, haina rangi wala moshi, nayo ni nzito. Kusipokuwa na upepo hutulia kwenye mabonde na mashimo kama maji yanavyotulia kwenye beseni. Anayeinama ndani yake huenda asiinuke tena. Harelimana aliijua kama wenzake wote, ila alidhani iko kwa wengine, kule kwenye mashimo makubwa yenye mizoga ya mbuzi. Hakudhani kwamba yeye mwenyewe, kwa nyundo na patasi, alikuwa ameichimbia makao. Asubuhi moja isiyo na upepo mtoto aliitwa kwa ajili ya shule, naye hakuitika.

Baada ya mazishi, Harelimana alitaka kukifukia chumba kile. Mkewe alisimama mlangoni akamzuia.

“Nilishamufunika mara moja,” alisema. “Sitamufunika mara ya pili.”

Mume alirudisha koleo mahali pake. Miaka michache baadaye ugonjwa wa kifua ulimchukua naye, na Mukagasana akabaki na nyumba, na jina la Mama Gisubizo ambalo majirani hawakuacha kumwita. Ndipo alipoanza kupokea wageni wa siku mbili tatu. Mmoja alipangisha chumba hiki, mwingine kile: wauzaji wa jibini, wauguzi waliohamishwa kikazi, ndugu waliokuja kutafuta ndugu zao. Yeye alilala chumba cha mbele. Cha chini alikifunga, na mlango wake aliulinda kila alfajiri kwa mshumaa: ulipozimika karibu na ardhi, alijua hewa imepanda.

Aubin, komisioneri wa mtaa, yule anayewatafutia watu nyumba, hakuipenda biashara ya namna hiyo.

“Mama Gisubizo, chumba kimoja kimoja kitakuchosha bure,” alimwambia. “Leo vimejaa, kesho unabaki na mashuka yako. Wenye harusi wanataka nyumba yote, funguo zote, na mwenye nyumba aende kulala kwingine. Hawataki mutu wa kuwapigia milango kama askari.”

“Na nani ataangalia kule chini?”

“Mama, wewe unangoja kule chini mpaka utazeekea pale.”

Alikuwa akikataa hivyo kila mara, mpaka siku Aubin alipomleta Zéphirin.

Zéphirin alikuwa mfugaji kutoka milima ya Masisi, mtu mrefu aliyeishika kofia yake kwa mikono miwili. Nyuma yake alisimama binti yake Julie, macho chini, na bibi kizee mwenye mkongojo, Séraphine, mama yake Zéphirin, ambaye wote walimwita Koko. Walipoikimbia vita kwao walikaa chini ya maturubai huko Mugunga, kisha wakahamia nyumba ya mbao ya kupanga.

“Mama, binti yangu ameposwa,” alisema Zéphirin. “Wakwe wanaleta mahari. Nyumba yetu ilibaki kule juu, na tumesikia hata mabati yake hayako tena. Pale tunalala, jirani akikohoa, sisi njo tunamuambia pole. Sitaki kupokea wakwe katika chumba cha kupanga, wageni wako wakipita na taulo begani. Niache tu siku mbili nikuwe mutu mwenye nyumba.”

Mukagasana aliyafahamu maneno hayo kuliko mwenyewe alivyodhani. Alitazama ukuta wa Harelimana, akamtazama yule baba na kofia yake.

“Muje,” alisema.

“Asante, mama. Na Gisubizo iko wapi, tumusalimie?”

Aubin alikohoa. Julie aliinua macho kwa mara ya kwanza, akitabasamu kama bibi harusi anavyomtabasamia kila mtu. Kwa familia zile neno la kifo halitamkwi mbele ya binti anayesubiri mahari yake. Hata aliyefiwa huacha msiba wake nje ya lango.

“Hayuko hapa,” alisema Mukagasana. Kisha akaongeza haraka, “Kile chumba cha chini, musilale mule. Hewa yake si nzuri.”

“Hakuna mutu atalala mule,” alisema Zéphirin. “Naahidi.”

Na ahadi hiyo aliitimiza. Siku ya kuingia Mukagasana alikabidhi funguo zote, kwa kuwa nyumba nzima ni funguo zote, akabeba kanga zake mbili, akaenda kwa jirani yake, Mama Chance. Kutoka pale alisikia vicheko vya wanawake na sufuria zikigongana. Jioni ndugu wa Masisi walileta maziwa, mengine mabichi, mengine mashanza, maziwa ya mgando ambayo bila hayo mfugaji hawezi kusema amempokea mkwe. Wanawake walizunguka nyumba wakitafuta mahali pa baridi ili yasiharibike. Walifungua mlango wa chini, wakashika sakafu kwa viganja, wakafurahi. Walipanga madumu na vibuyu chini, wakafunga. Hakuna aliyelala mle. Waliambiwa wasilale, hawakuambiwa wasiweke maziwa; na kwao maziwa ndiyo kwanza yanayotafutiwa chumba kizuri.

Alfajiri Mukagasana aliamka kama mwili wake ulivyozoea. Alitoka nje ya nyumba ya Mama Chance, akatega sikio. Majani ya migomba hayakutikisika. Moshi wa jiko la mtu ulikuwa umelala juu ya ua kama nguo iliyoanikwa.

Aliwasha mshumaa, akafika kwenye lango lake, akasimama. Alikuwa ametoa neno lake kwamba hataonekana. Wakwe wakifika mapema na kumkuta mwanamke akizunguka nyumba na mshumaa, Zéphirin atawaambia nini? Kwamba huyu ndiye mwenye nyumba, na mimi ni mpangaji wa siku mbili? Alirudi hatua chache. Chumba kimefungwa, alijiambia, na yule mutu aliahidi. Lakini miguu yake haikumsikiliza. Ilisukuma lango.

Mlango wa chini ulikuwa wazi.

Kwenye ngazi, mkono mmoja ukiwa umenyooshwa juu na kichwa kimeelekea mle ndani, alilala Koko Séraphine. Alikuwa ameamka kabla ya wanawake wote wa nyumba ili ayatikise mashanza kwa mkono wake mwenyewe. Kibuyu kilikuwa kimepinduka, na maziwa yalishuka ngazi taratibu.

Mukagasana alishusha mshumaa. Ukazimika kabla haujafika magotini. Alitupa sahani. Alipanda juu, akavuta pumzi mpaka mbavu zikamuuma, akaifunga ndani, akashuka. Alikamata ule mkono na fundo la kitenge, akavuta. Mwili wa kizee ulikuwa mwepesi, lakini ngazi za Harelimana zilikuwa na ncha kali, na kichwa chake mwenyewe kilianza kuzunguka. Alivuta tena. Kisigino cha Koko kilipotoka mlangoni, ndipo alipoachia pumzi na sauti kwa pamoja.

“Mazuku! Mutoke! Mazuku!”

Landry, mwana wa Zéphirin, alikuja mbio bila shati. Alimbeba bibi yake mpaka juu barabarani, ambapo hewa husogea. Walimlaza, wakampepea, wakamwita. Kwa muda mrefu hakukuwa na kitu. Kisha alikohoa, akatapika, akafungua jicho moja.

“Maziwa,” alisema, “muliyatoa?”

Baadhi ya wanawake walicheka huku wakilia. Zéphirin hakucheka. Alimgeukia Mukagasana.

“Ulijua!”

“Nilijua, papa.”

“Na ukatuachia ufunguo!”

“Nilisema hewa yake si nzuri.”

“Hewa si nzuri! Hata choo hewa yake si nzuri! Mutu anasema mazuku. Anasema kifo!”

“Ulikuja na bibi harusi nyuma yako,” alisema Mukagasana. Sauti yake ilikuwa ndogo. “Niseme nini mbele yake? Niseme mutoto wangu alikufia mule?”

Zéphirin alitafuta mahali pa kuweka mikono yake.

“Gisubizo?”

“Gisubizo.”

“Zéphirin, acha kelele,” alisema Koko kutoka chini, polepole, akivuta hewa kati ya maneno. “Hata mimi nisingesema.”

Mukagasana alisema, “Lakini ilinipasa niseme. Ningesema, na mungechukia, na mungeenda kutafuta nyumba ingine.”

Wakwe walifika jua likiwa juu, upepo umeshaamka na maziwa yametolewa salama. Koko alikuwa amelazwa chumba cha mbele, hana nguvu ya kukaa. Kiti chake, kile cha mama mkubwa anayewapokea wanawake wa upande wa pili, kilikuwa kitupu mlangoni. Mukagasana alikuwa ameshachukua kanga zake ili aondoke, kama walivyokubaliana.

Julie ndiye aliyemshika mkono. “Mama, ukae pale.”

Mukagasana alimtazama Zéphirin. Yule baba, aliyeomba siku mbili tu za kuwa mwenye nyumba, aliangalia kile kiti, akaangalia wageni waliokuwa wakiingia langoni, akatikisa kichwa kukubali. Basi alikaa. Aliwapokea wanawake kwa mikono miwili, akawapa maziwa, akauliza habari za njia.

Mzee aliyesemea upande wa wakwe aliuliza, kama desturi, awajue waliokaa mbele yake. “Na mama huyu, ni nani kwenu?”

Zéphirin alisimama. Angeweza kusema shangazi. Hakuna ambaye angembishia.

“Huyu ni mwenye nyumba,” alisema. “Ya kwetu ilibaki Masisi. Na leo asubuhi ametuokolea mama.”

Mzee aliivua kofia yake. “Yetu ilibaki Rutshuru,” alisema. “Tuendelee.”

Kesho yake, wakati wa kurudisha funguo, Mukagasana alipokea nne. Wa tano hakuupokea.

“Papa, una watoto wenye nguvu,” alisema. “Munisaidie kukifunika.”

Landry na ndugu zake walibeba mawe ya lava kutoka ukingo wa uwanja, na Zéphirin akabeba pamoja nao. Mukagasana alisimama mlangoni, safari hii bila kumzuia mtu. Alisema neno moja tu: “Muanze na pale kona ya kitanda.” Walianza pale. Mawe yaligonga mawe, sauti ikiwa nzito mwanzoni, kisha nyepesi kadiri shimo lilivyojaa. Koko alikuwa amekalishwa kivulini, shuka mabegani, akiomba rozari kwa sauti ya chini. Jina la Gisubizo lilisikika kila baada ya Salamu Maria.

Aubin alipopita na kukuta uwanja umesawazishwa, alishika kichwa. “Mama, umepoteza chumba!”

“Vimebaki vinne,” alisema Mukagasana. “Unitafutie watu wa nyumba nzima. Wataweza kulala mpaka jua litoke.”

Usiku ule hakukuwa na mgeni. Alfajiri aliamka, akatega sikio: hakuna upepo. Aliketi ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, akisikiliza kimya cha nyumba yake yote. Hakukuwa na mlango wa kwenda kuulinda. Alikaa hivyo mpaka dirisha likawa jeupe, ndipo akajilaza tena, akalia, na katikati ya kulia usingizi ukamchukua.