Mama Aliyechomoa Chaja ya Wakwe

Tangu habari za kifo cha mama mwenye nyumba wangu wa zamani zienee hapa Kitale, kila ninayekutana naye ananiuliza swali lilelile, tena kwa sauti ya chini: "Ni stima?" Hapana, jamani, umeme hauhusiki. Ni moyo. Alifariki mchana, katika kitanda cha hospitali, baada ya kuugua kwa muda, na binti yake ananiambia kwamba asubuhi ya siku hiyo mama alimwita muuguzi aondoe simu ya mgonjwa jirani iliyokuwa ikichajiwa juu ya blanketi. Muuguzi aliiondoa. Wasomaji wangu mliowahi kupanga kwake mnajua kwamba muuguzi huyo hakuwa na njia nyingine.

Kwa msiomjua, mama huyu aliuza mahindi kwa miaka mingi hadi akajenga vyumba vya kupangisha nyuma ya soko. Mpangaji mpya hakuulizwa kazi yake wala kanisa lake. Aliulizwa chaja. Mama aliiweka kiganjani akaipima uzito jinsi mtu anavyopima kuku, akainusa, akaichomeka ukutani na kuitikisa. Ikilegea, alisema, "Hii inacheza, na mimi sina uwanja." Kisha alivaa miwani akasoma maandishi yake, na akikuta jina la kampuni limekosewa, chaja ilirudi kwa mwenyewe papo hapo. "Mtu ameshindwa kuandika jina lake, ataweza stima?" Si kwamba alijua kila kitu. Aliamini kwa moyo wote kwamba chaja nyeusi ni salama kuliko nyeupe, kwa sababu nyeupe zina maringo, na fundi mmoja aliyejaribu kumsahihisha alinyimwa chai. Mimi nilihamia kwake na waya uliochubuka shingoni, nikawa nimeufunga kwa plasta ya kidonda. Aliutazama kwa huruma. "Mwanangu, huu ni mgonjwa?" Nikamwambia ni kidonda kidogo tu, Mama. "Basi peleka yeye hospitali. Kwa nyumba yangu hakuna wodi."

Lakini kisa kilichomfanya ajulikane hadi Bungoma ni cha siku ya mahari ya bintiye. Wazee wa upande wa mvulana walitoka Bungoma mjini wakaja nyumbani kwa marehemu mumewe, kule Kabuchai, na mimi nilialikwa niketi na wazee wetu kwa kuwa ati mtu wa gazeti hakosi maneno. Kwa desturi, mama wa binti hukaa mbali na wakwe siku kama hiyo. Wanamjua kwa harufu ya kuku kutoka jikoni, basi. Msemaji wao, mzee mnene mwenye kofia ya manyoya, aliwasili simu yake ikiwa imezima, na alihitaji simu hiyo sana, maana baba wa mvulana alikuwa mgonjwa nyumbani na alitaka kupigiwa juu ya kila jambo. Akatoa chaja aliyoinunua barabarani kupitia dirisha la gari, akaichomeka karibu na kochi, tukaanza maombi. Hatujafika amina, mlango wa jikoni ukafunguka. Mama akaingia, akanusa mara moja, akapita katikati ya wakwe wake bila kumwangalia mtu na kuing'oa chaja ile ukutani.

"Mama, sasa hii ni nini?" msemaji akauliza. "Mnatukatia stima kama watu hawajalipa?"

"Samahani, Mzee. Hii kitu yako inanuka."

"Ati inanuka! Nimekuja nayo njia yote haijanuka, ikuje inuke kwenu?"

Akainuka, na wenzake wote wakainuka. Shemeji za mama wakamtazama kwa macho makali, na kutoka chumbani tukasikia bibi harusi mtarajiwa akilia kwa sauti, kwa maana ndoa yake ilikuwa inatafuta viatu vyake mlangoni. Mama hakurudi nyuma.

"Mzee, msichana mtaenda naye, nimekubali. Lakini nyumba mniachie."

Msemaji akampokonya ile chaja, akaisukuma ndani ya mfuko wa suruali na kuelekea mlangoni kwa heshima zote. Hakufika. Alisimama ghafla, akainua mguu mmoja, akainua wa pili, kisha akaanza kuruka huku akijipiga paja, kofia ikaanguka. Walipomtolea chaja ile mfukoni, aliitazama. "Kumbe nimebeba jiko, bana," akasema, na wa kwanza kucheka alikuwa yeye. Mama akamletea chaja yake mwenyewe, nyeusi bila shaka, kwa sharti kwamba hakuna kuongea na simu ikiwa kwenye stima. Basi wazee wakalazimika kuamua mambo wenyewe bila kupiga Bungoma, na walikuwa wamepatana kabla simu haijajaa.

Sisi watu wa huku tunachekesha. Hatununui gunia la mahindi bila kuuma punje kujua kama yamekauka. Shati la mtumba tunaligeuza nje ndani. Lakini kitu tutakacholala nacho chumba kimoja, kikinywa stima karibu na kichwa cha mtoto, tunakinunua gari likitembea, na rangi ndiyo tunayochagua.

Nilimweleza bintiye hayo siku ya mazishi, nikitarajia acheke. Hakucheka. Aliniambia kwamba alipokuwa mdogo, simu ya jirani iliachwa ikichajiwa juu ya godoro alilolalia, na mama yake alimtoa katika moshi akiwa hajitambui. Mama hakutaka wapangaji wajue, kwa sababu simu ile alikuwa ameiona mapema, na kwa kuwa jirani yule alikuwa rafiki yake, hakutaka kumwaibisha kwa kuichomoa.

Nimekaa na maneno hayo wiki nzima, na yananiuma. Shika chaja yako ikiwa kazini, ndugu msomaji. Ikikuchoma, itoe. Ikiwa ni ya mgeni, itoe vilevile, hata kama ni mkwe. Mgeni aliyekasirika, kesho unaweza kumwomba radhi.