Wondwosen na Bendi Aliyoificha

Katika mtaa mzima wa Piassa hapakuwa na mtu aliyedharau chakula cha wenzake kama Wondwosen Ejigu, fundi wa miwani. Ukimwambia umekula kitfo nzuri, ile nyama mbichi ya kusaga, kule Kazanchis, alikuuliza lini. Ukijibu jana, alicheka kwa pua.

"Pale? Pale palikuwa pazuri zamani, kabla hawajapaka rangi."

Ukimtajia bendi, ilikuwa vilevile. Bendi uliyoipenda wewe ilikuwa imekwisha kuharibika, na aliyeiharibu ni wewe na wenzako mlioijua. Kwake yeye, kitu kilianza kuoza siku ile mtu wa pili alipokionja.

Ugonjwa huu ulimpata akiwa na miaka ishirini na miwili. Alasiri moja alikimbilia ndani ya baa ya Gulele kujikinga na mvua ya mawe, akamkuta kijana mwembamba anapuliza saksafoni mbele ya walevi wanne na paka. Baada ya miaka mitatu kijana yule alikuwa kwenye mabango ya kila ukuta, na Wondwosen akawa amepata la kusema maisha yake yote. "Nilikuwapo," aliwaambia wateja huku akiwapima macho. "Walevi wanne, paka, na mimi." Wauza kahawa wa jirani wakamwita Nilikuwapo. Hakukasirika. Alidhani ni cheo.

Alioa, akaachwa. Mkewe, Tsige, alivumilia Jumapili chungu nzima za kuburutwa kwenye vibanda vya uchochoroni visivyo na mlango wala choo, kwa kuwa tu vilikuwa havijulikani. Siku alipofunga virago alimwambia, "Wondwosen, kuna hoteli tatu nzuri mtaani kwetu. Tatu! Watu wanakula, wanashiba, wanarudi nyumbani salama. Mimi tumbo langu si uwanja wa uchunguzi." Yeye alimhurumia kwa kukosa ulimi wa kuonja.

Basi, Jumamosi moja baada ya mvua kuisha, alikwenda soko la Merkato kufuatilia katoni ya fremu za miwani. Alikatiza mtaa wa mafundi magodoro, ambako pamba huruka hewani na kila mtu anatembea na nyusi nyeupe. Akasikia gita la besi nyuma ya ukuta, halafu sauti ya mwanamke. Akasimama. Akasukuma geti la bati.

Palikuwa nyumbani kwa mama mmoja aitwaye Zenebech, aliyepika chakula cha mfungo tu: mchuzi mzito wa shiro, dengu, sukumawiki, hakuna nyama wala siagi. Jumatano na Ijumaa, siku za kufunga, watu walijaa mpaka wakakalia madebe. Jumamosi kila mtu alikimbilia nyama, pakabaki patupu. Ndiyo maana Zenebech alimwachia mpwa wake ukumbi afanyie mazoezi na wenzake.

Walikuwa watatu. Hirut, huyo mpwa, alipiga kinubi alichokiunga waya mwenyewe hadi kwenye spika iliyofungwa kwa plasta. Kaka yake Biniam alipiga dramu. Na Melaku, kijana mrefu mwenye haya ambaye ndiye aliyetunga nyimbo, alishika besi. Hawakuwa na tajiri nyuma yao, wala meneja, wala bango. Walijiita Vumbi la Pamba.

Wondwosen akaketi kwenye kona. Shiro ikaletwa kwenye chungu ikitokota, akaionja akitafuta kasoro kama karani wa forodha. Hakuipata. Wakati huohuo wakaanza wimbo wa mtu anayeshona magodoro ya mji mzima na kwake analala kwenye mkeka. Hirut aliuimba taratibu, bila kulialia, na besi ya Melaku ikawa inatembea chini yake kama mtu anayezunguka nyumba usingizi umemkataa. Vinyweleo vikamsimama Wondwosen mikono yote miwili.

Mtu mwingine angefikiri: hawa lazima wasikike. Yeye alimgeukia Zenebech akauliza, "Nani mwingine huja hapa Jumamosi?"

"Wewe na nzi," akasema Zenebech.

Moyo wake ukatulia, kama wa mtu aliyeokota pochi kisha akatazama huku na huku akaona njia haina mtu.

Alikuja kila Jumamosi kwa miezi mitano. Akawa na kiti chake. Aliwasahihisha vijana, akawaambia wapi wapunguze na wapi wavute, na haki ya Mungu mengine yalikuwa mawaidha mazuri, kwa sababu masikio anayo. Nao wakamheshimu. Wakamwita Gashe, kama wanavyoitwa watu wazima wa kutegemewa. Lakini kwa wateja wake, kwa wauza kahawa, kwa yeyote yule, hakusema hata nusu neno. Akiulizwa Jumamosi huwa anakwenda wapi, alijibu anakwenda kanisani.

"Gashe Wondwosen," Hirut alimwambia siku moja, "wewe unajuana na watu. Tuletee hata kumi tu. Tunaimbia kuta."

"Ngojeni. Hamjaiva."

"Tutaiva lini?"

"Nitawaambia. Chema chajiuza, mdogo wangu."

Zenebech, aliyekuwa anachambua dengu, alinyanyua kichwa. "Chajiuza kikiwa sokoni," akasema. "Kikiwa kabatini hujiuza kwa mende."

Melaku ndiye hakukata tamaa kuuliza. Alikuwa amesikia kwamba Kebebew, mtangazaji wa kipindi cha muziki redioni, hutengenezewa miwani na Wondwosen. Ilikuwa kweli. Siku moja akamletea flashi yenye nyimbo nne, ameifunga kwenye karatasi safi kama zawadi ya harusi.

"Mpe tu, Gashe. Akikataa, akatae."

Wondwosen aliipokea, na alipofika dukani akaitia kwenye droo ya vioo vilivyovunjika. Kebebew alikuja wiki hiyohiyo kukaziwa skrubu. Alikaa robo saa nzima, akalalamika kwamba siku hizi hakuna muziki mpya wa maana, kila mtu anaimba kama mwenzake. Wondwosen akakaza skrubu. "Ndivyo dunia ilivyo," akasema, akamsindikiza mpaka mlangoni.

Jumamosi ya pili yake Melaku hakungoja hata asalimiwe. "Amesikiliza?"

Hapo Wondwosen angeweza kusema bado. Angeweza kusema mtu yule ana kazi nyingi. Lakini alimtazama kijana huyu anayemsumbua kila wiki, akataka asisumbuliwe tena.

"Amesikiliza," akasema. "Hakupenda. Amesema besi imelala."

Melaku akaweka sahani chini. "Imelala?"

"Ndilo neno lake. Mimi nimeleta nilivyotumwa."

Siku ile Melaku alipiga kwa nguvu mno, akakosea mara mbili, jambo lisilo kawaida yake. Baada ya mwezi mmoja aliwaaga wenzake: mjomba wake alimpatia kazi Hawassa, ya kusimamia saruji kwenye jengo. Gita alimwuzia mpigaji wa bendi za harusi. Wondwosen alipopewa habari alichomwa kidogo moyoni, kisha akajitibu mwenyewe kwa haraka. Msanii anayekimbia kwa neno moja, aliwaza, hakuwa msanii. Akaagiza shiro nyingine.

Hirut na Biniam wakaazima mpiga besi kutoka kwaya ya jirani, wakaendelea.

Sasa huyu Kebebew alipenda nyama kupita kiasi, na mwili wake ukamdai. Kidole gumba cha mguu kilivimba kikawa kama kitunguu, na daktari akamkataza nyama kabisa. Jumamosi ya kwanza ya adhabu hiyo alizunguka Merkato akichechemea, akiuliza wapi siku kama ile hapanukii nyama ya kuchoma. Fundi godoro mmoja akamwonyesha geti la bati.

Wondwosen alikuwa kwenye kiti chake aliposikia sauti aliyoijua inaomba dengu. Akavua miwani akaanza kuifuta. Akaifuta mbele, akaifuta nyuma, uso ameuinamisha mpaka unakaribia kugusa mkate wa injera sahanini.

Bendi ikapiga ule wimbo wa magodoro. Kebebew aliacha kula. Wimbo ulipokwisha alibaki ameshika tonge hewani.

"Etiye," akamwita Zenebech kwa heshima, "hawa ni akina nani? Mbona sijawahi kuambiwa?"

Zenebech akajishika kiuno. "Wewe nani kwani?"

"Kebebew. Wa redio."

"Aa! Ndiye wewe! Leo umekuja kula kwa watu uliowatukana? Si wewe uliyesema besi imelala?"

"Besi gani, mama? Ndiyo kwanza nawasikia."

Hirut alishusha kinubi. "Uliletewa flashi. Nyimbo nne. Fundi wako wa miwani alikupa."

"Fundi wangu ni Wondwosen wa Piassa, na Wondwosen hajanipa kitu isipokuwa..." Kebebew akageuka, akatazama kona. "Si yule pale?"

Miwani ile haikuwa na mahali pengine pa kufutwa. Wondwosen akaivaa.

"Niliwalinda," akasema. Akaongeza sauti. "Niliwalinda! Mnajua watu? Wangekuja hapa na masimu yao, wangepayuka juu ya nyimbo, wangewafanya mwimbe za harusi. Nimeona bendi ngapi zikiharibiwa? Mimi niliwatunza!"

"Ulitutunza," Hirut akarudia. Alikuwa hapigi kelele. "Melaku aliuza gita kwa neno lako. Gita lile alilinunua kwa miaka miwili ya kubeba magunia. Sasa anahesabu saruji Hawassa, na kila akipiga simu ananiuliza kama huyu mpya besi yake iko macho. Ulitutunza, Gashe?"

"Huyo usimwite Gashe," Zenebech akadakia. "Gashe ni mtu. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, lakini huyu kaja na mpya: anaficha uchi wa wenzake, halafu anakaa kuusubiri uzae. Ondoka kwangu. Na hiyo shiro iache hapohapo, nzi wako wamekungoja siku nyingi."

Biniam, aliyekuwa kimya siku zote, akagonga ngoma kubwa mara moja, duu, kama anayefunga hesabu ya mchezo. Mpiga besi wa kwaya akacheka, akajiziba mdomo. Wondwosen akatoka, mafundi magodoro wakimtazama kwa nyusi zao nyeupe.

Kebebew aliupiga wimbo redioni wiki iliyofuata. Kabla mwezi haujaisha watu walikuwa wanasimama nje ya geti la bati Jumamosi, na kwa kuwa ukumbi haukutosha, bendi ikapewa ua wa ghala la zamani la kahawa, kila Jumapili saa tisa alasiri. Zenebech akawa anapeleka vyungu huko kwa toroli.

Melaku aliusikia wimbo wake kwenye redio ya mlinzi, katikati ya mifuko ya saruji. Alimpigia Hirut, wakacheka, wakalia. Lakini sasa alikuwa na mke mjamzito, na gita lilikwisha kwenda. Hakurudi.

Kwa majuma mengi Wondwosen aliwaambia wauza kahawa kwamba Vumbi la Pamba wameharibika, kwamba sauti ya Hirut imenenepa kwa sifa, kwamba watu wa uani hupiga makofi mahali pasipostahili. Hakuna aliyebishana naye, wala aliyemsikiliza. Jumapili moja akalipa kiingilio, akasimama nyuma, akajiandaa kudharau. Watu mia mbili waliimba wimbo wa magodoro pamoja, wengine nje ya sauti kabisa, na vinyweleo vyake vikasimama vilevile kama siku ya kwanza. Jambo hilo lilimuudhi mno. Siku zote aliamini vilikuwa vinasimama kwa sababu yuko peke yake.

Wimbo ule sasa ulikuwa na besi nyingine, safi, iliyonyooka, lakini haikuzunguka nyumba kama ile ya Melaku. Aliisikia tofauti hiyo, na katika watu mia mbili huenda yeye tu ndiye aliyeisikia. Kesho yake aliomba namba kwa Biniam, akasimama nyuma ya duka, akapiga Hawassa.

"Melaku, ni mimi. Wondwosen."

Kule kulikuwa na kelele za mashine ya zege. "Sema."

"Kebebew hakusema lile neno. Nilitunga mimi. Flashi ilikuwa dukani kwangu."

"Hirut alishaniambia."

"Nimepiga kuomba radhi."

Melaku akauliza, kwa sauti ileile ya haya, "Sasa niambie kweli. Ilikuwa imelala?"

"Hapana. Haikulala hata siku moja. Ndiyo iliyonisimamisha njiani."

"Ungeniambia Jumamosi ile," Melaku akasema, na simu ikakatwa.

Baada ya hapo Wondwosen alianza kurudi kwa Zenebech, siku za katikati ya wiki, wakati vijana hawapo. Mara mbili alifukuzwa. Mara ya tatu Zenebech alikuwa na watu wengi, hakuwa na nafasi ya kugombana, akamwelekeza kwa ncha ya mwiko kwenye kiti kilicho kando ya mlango wa choo. Pale ndipo anapokula mpaka leo, akisukumwa bega na kila anayeingia na kutoka.

Wateja wanaoijua habari ile humwuliza mama huyo kwa nini anamruhusu.

"Njaa anayo kama watu," Zenebech hujibu, akipakua. "Na akiwa anatafuna, angalau hasemi."