Muziki Bila Tangazo

Likizo ya mwaka wa pili chuoni nilirudi Morogoro na fulana nyeusi, nywele nyingi na kanda ya muziki wa metali aliyonirekodia mwenzangu wa bwenini. Ilikuwa albamu ya kisa kimoja, nyimbo zote zikisimulia hadithi moja tangu mwanzo hadi mwisho, nami nilijiona ndiye pekee chini ya milima ya Uluguru mwenye akili ya kuielewa. Joto la ile fulana nililivumilia kwa ajili ya sanaa.

Baba alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha umma. Viwanda vilikuwa vinauzwa, naye hakukosa taarifa ya habari, akisubiri kusikia kama chake kimo.

Alasiri moja nikatia kanda kwenye redio ya sebuleni. Wimbo wa kwanza hauna mwimbaji: kinanda cha taratibu, kengele, kisha magitaa yanayonguruma kwa mbali. Baba akatoka chumbani na kandambili moja mguuni, akainua mkono tunyamaze. Mama akaacha kuchambua mchicha. Mama wa mlimani aliyetuletea mboga akatua kikapu mlangoni.

"Nani kafa?" akanong'ona.

Kwetu, redio ikipiga muziki mzito usio na maneno, saa isiyo yake, unasimama kusubiri tangazo la serikali. Chuo kilikuwa kimenisahaulisha hilo.

"Ni kanda, baba. Huu ni utangulizi tu."

"Utangulizi wa nini?"

Hatimaye nimepata hadhira! Nikamweleza kwamba hapa wapigaji wanagusia kila sauti itakayorudi baadaye, mpaka ile ya kifo cha mhusika.

Baba akaikazia macho redio.

"Kwa hiyo mwisho wanaujua."

"Wanaujua."

"Ila hawasemi."

"Bado, baba."

Akakaa. Akasema wiki ile wageni walipitishwa kiwandani na meneja, wakapima mashine moja moja, hata yake. Aliwauliza wanapimia nini. Wakatabasamu, wakasogea kwenye mashine nyingine.

Nikanyoosha mkono kuzima.

"Acha," akasema. "Nataka nisikie wanaanza lini kusema."

Mwimbaji alipolipuka, mama wa mlimani alijitwika kikapu chake. "Heri huyu kaongea," akasema, "japo anaonekana anaumwa."

Tangu hapo kila nilipogusa redio baba aliuliza kutoka chumbani: "Hiyo ni kanda au ni serikali?" Mama alicheka. Yeye alikuwa hatanii.

Likizo haijaisha, wafanyakazi wote wakaitwa kwenye uwanja wa kiwanda. Baba alirudi mapema, ovaroli begani, akakaa palepale karibu na redio. Mama akamuuliza wamesema nini.

Alinitazama mimi kwanza.

"Wameimba," akasema. "Kimenunuliwa. Mashine yangu imo. Mimi simo."