Mdogo Wangu Anafanya Kazi kwa Jina Langu

Msilitie jina langu gazetini, nakuombeni. Si kwa kuona haya tu, ni kwa kuwa jina lenyewe analo mtu mwengine, kila asubuhi anakwenda nalo ofisini. Mimi ni mjane wa miaka ishirini na saba, mama wa mtoto mmoja wa kike. Nakaa Ng'ambo, hapa Unguja, pamoja na mama yangu mzazi na mdogo wangu wa kike. Huyo mdogo wangu ndiye anayenitia kinyaa, mpaka siku nyengine chai inanishinda nikimwona anakunywa mbele yangu.

Miaka mitatu baada ya Mapinduzi niliomba kazi ya ukarani katika ofisi moja mjini. Skuli nimesoma mpaka darasa la kumi na mbili, mwandiko wangu mzuri, na kazi ile niliitaka kwa roho yangu yote. Barua ya kuitwa kwenye usaili ilifika mume wangu ana siku kumi na mbili kaburini. Nimo katika eda, nguo nyeupe, miezi minne na siku kumi sitoki mlangoni. Mama akasema, "Huendi popote, mwanangu. Watu watasema nini?" Basi nikaandika barua kuwaomba waningoje nimalize eda. Gundi hatukuwa nayo, bahasha nikaifunga kwa uji wa ngano, nikampa mdogo wangu aipeleke.

Alirudi uso umemshuka. "Wamekataa, dada. Wamesema nafasi haimngojei mtu." Halafu akanisogelea. "Lakini wao wanajua karatasi zako tu, sura yako hawaijui. Nnakwenda mimi, nnakushikia nafasi. Eda ikisha, unaingia mwenyewe."

Mtaniuliza, hao watu wasingeona kuwa siku hiyo amekuja mwengine? Hata mimi najiuliza. Msiba ulinitoa akili, na sisi tumefanana hata wageni hutudhani mapacha. Nikakubali. Kosa langu hilo, silifichi.

Siku sita nilimkalisha juu ya mbuzi ya kukunia nazi, mimi nikajifanya mkubwa wa ofisi. Kaa mgongo wima. Usijikune. Usijibu mpaka swali limalizike. Ukiulizwa usilolijua, sema utajifunza. Ukiulizwa kwa nini unataka kazi, waambie una mtoto wa kulea na hutaki kumlea kwa kuombaomba. Hayo hayakuwa maneno ya kubuni, yalikuwa maisha yangu. Akenda akayasema yote, mwanangu akamfanya wake, akapata kazi. Majirani hawakushangaa kusikia anaitwa jina langu huko kazini, maana huku kwetu kila mtu ana jina la nyumbani na jina la skuli.

Eda ilipokwisha nilikoga, nikapiga pasi nguo zangu, nikamwambia, "Kesho nnakwenda mimi." Akacheka. "Dada, nshazoeleka pale. Ukitokea wewe tutafungwa sote."

Tangu siku hiyo mimi nashona kofia, napika, nafua, nampigia pasi magauni ya ofisini. Akirudi ananyoosha miguu mkekani. "Kazi imenchosha leo, niletee maji." Kazi gani hiyo? Kazi yangu! Na maji nampelekea, nami najichukia kila hatua.

Mwaka jana nilisikia ofisi nyengine inatafuta karani. Nikenda mikono mitupu, maana hati zangu anazo yeye. Nilipotaja jina langu, mzee aliyekuwa akiandika akainua kichwa. "Bibi, mwenye jina hili namjua, yuko kazini. Wewe nani?" Nikasikia mdomo wangu unasema, "Mimi mdogo wake." Nilipotoka pale nilitapika kando ya mtaro, watu wananitazama.

Sasa wiki iliyopita kaja na jambo jipya. Anataka kupelekwa masomo nje ya nchi, miezi sita. "Mwezi ujao kuna intavyuu, dada. Nifundishe tena kama ile mara. Na cheti chako cha kuzaliwa nakitaka, cha kuombea pasi ya kusafiria." Akanitupia mkoba wake wa karatasi nimjazie fomu, kwa kuwa mwandiko wangu mzuri.

Ndani ya mkoba, katikati ya hati zangu za skuli, niliiona bahasha. Pembe moja imeliwa na mende, uji umekauka mwekundu, na imefungwa vile vile nilivyoifunga mimi. Ni ile barua yangu ya kuomba ningojewe. Ofisi haikukataa, ndugu zangu. Ofisi haikupata kuulizwa.

Nikamwonyesha. Hakushtuka hata kidogo. "Mambo ya zamani hayo. Si nawalisha nyote?" Na mama, mama yangu mzazi, akaniambia, "Mfichie mwenzio. Akifukuzwa tutakula nini?" Sijui nimwonee kinyaa nani zaidi, yule, mama, au mimi niliyekula nao sahani moja miaka yote hii.

Cheti cha kuzaliwa ninacho, nimekificha. Siku ya usaili huo sina eda, miguu ninayo. Naweza kwenda mwenyewe na bahasha yangu mkononi, nikawaambia mimi ndiye. Nikifanya hivyo nyumba itakosa chakula, na huenda tukafungwa wote wawili, mwanangu abaki na nani? Nikinyamaza, nitakuwa mdogo wa mdogo wangu mpaka nife.

Kila alasiri anakuja kukaa juu ya ile mbuzi, mgongo wima kama nilivyomfunza, ananingoja nimuulize swali la kwanza. Nipeni shauri, nyinyi maelfu mnaousoma ukurasa huu, kabla sijafungua mdomo.