Pombe ya Kumaliza Matanga

Harufu ya gunia bichi linalokauka juani hunirudisha Kashikishi, upande wa Zambia, katika chumba chetu cha bati, msimu ule wa joto kabla ya mvua. Baba alikuwa amezama ziwani Mweru akivusha samaki kwenda Kongo, na ndugu zake wa huko ng'ambo walikuwa njiani kuja kumaliza matanga. Kwa desturi ya ukoo wao, mjane ndiye aliyepika pombe ya siku hiyo. Ikiharibika, ilisemwa kwamba marehemu hajamwachilia. Mama hakuwa na nyumba ya nyasi, ambamo pombe hutulia. Alikuwa na bati lililowaka kama kikaango.

Alijua kwamba uji wa ulezi ukishatiwa kimea, joto likizidi, pombe hukimbilia ukali na kuoza. Basi tuliifukia mitungi mchangani hadi shingoni, tukaifunika magunia, nami na mdogo wangu Chola tukawa hatutoki ziwani, tukichota maji ya kuyalowesha. Mama aliinama, akalaza shavu kwenye shingo ya mtungi.

“Inachemuka yenyewe,” alisema. “Leteni maji ingine.”

Lakini hata maji ya ziwa yalikuwa vuguvugu, upepo umekufa, na magunia yalikauka kabla hatujarudi. Mama aliacha kula. Alikaa akiipepea mitungi kwa kitenge chake kama mtu anayempepea mgonjwa. Hatimaye povu lilifurika mchangani, na chumba kizima kikanuka siki. Wageni walikuwa wameshashuka bandarini.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, alionja akatema.

“Ndugu yetu amekatala pombe yako. Tutarudi na mutoto moja. Damu yake haiwezi kubakia hapa.”

“Haiko marehemu, wifi. Ni joto.” Mama alipiga magoti. “Ni joto tu.”

Dua la kuku halimpati mwewe. Chola alipandishwa mtumbwini akicheka, kwa kuwa hakuwahi kupanda chombo chenye injini. Mama aliingia majini hadi kiunoni, akabaki pale hata mlio ulipokwisha.

Leo nina friji, na hapa Nchelenge barafu huuzwa hata kwenye vibanda. Chola nimempata kwa simu. Hunijibu kwa adabu, kama ajibiwavyo mgeni, kisha huuliza, “Na ule mama wa Zambia, iko muzima?” Mama husikia. Hunyoosha mkono kuipokea simu, halafu huurudisha.