Kamba ya Fundi Kisimani

Nilikuwa mhudumu wa pampu katika kituo cha maji taka cha baraza la mji, upande wa chini wa Machakos, mahali mabomba yote ya vyoo vya mji yanapokutana. Maji yakijaa kisimani nawasha pampu, yakipungua nazima. Zamu ya mchana tulikuwa wawili: mimi na fundi mmoja Mwislamu, mtu wa miaka hamsini hivi, aliyezifunga pampu zile kabla mimi sijaajiriwa. Aliweka kiganja juu ya mota akasema, "Beringi imeanza kulia," na wiki hiyohiyo beringi ikafa.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili tuliambiwa pampu mpya zinakuja. Zingezamishwa ndani ya uchafu wenyewe na kujiwasha zenyewe. Neno hilo "zenyewe" lilininyima usingizi, maana nilikuwa na watoto watatu nyumbani, mtaa wa Mumbuni, na sikujua kazi nyingine. Lakini kilichoniogopesha zaidi kilikuwa kisima. Kilishuka kama nyumba ya ghorofa mbili, giza tupu, na ngazi yake ya chuma ilikuwa imeliwa na kutu. Sasa, ili pampu mpya ziingie, ilibidi mtu ateremke mpaka chini akafungue nati za bomba la pampu moja ya zamani.

Fundi alikuwa amenifundisha kuhusu hewa ya mle. "Ukisikia harufu ya mayai viza, ogopa," aliniambia. "Ukiacha kuisikia ghafla, kimbia. Imeshakuingia."

Siku yenyewe, vibarua walizuia maji kwa magunia ya mchanga huko juu. Tulikuwa na muda wa saa tatu hivi kabla uchafu haujaanza kurudi kwenye nyumba za watu. Fundi akamwuliza msimamizi wa kontrakta aliyepewa kazi ya kufunga pampu mpya, "Mashine ya kupima hewa iko wapi?"

"Imebaki Nairobi. Italetwa Jumatatu," msimamizi akajibu huku akitazama saa. "Mfuniko uko wazi tangu asubuhi, mzee. Hewa imetoka yote."

Vibarua wake wakatazamana, hakuna aliyesogea. Fundi akavua kofia yake akanipa.

"Kwani ni lazima uende wewe?" nikamwuliza.

"Nati hizo nilizikaza mimi, dada. Hawa watazivunja."

Tulimfunga kamba chini ya kwapa. Mimi na vibarua wawili tukaishika. Tukakubaliana nitakuwa nikimwita, naye atagonga bomba kwa spana mara moja. Alishuka, kichwa chake kikawa kidogo, kisha nikaona tochi tu.

"Fundi!"

Ngii.

Viganja vyangu vilitoa jasho mpaka kamba ikawa inateleza. Nilihesabu nati kwa sauti ya spana: ya kwanza, ya pili. Kisha bomba likaachia kidogo na tope zito likabubujika. Harufu iliyopanda ilitutoa machozi.

"Fundi!"

Hakugonga. Alisema, kwa sauti ya mtu aliyefurahi, "Sasa hata haina harufu."

"Toka! Toka sasa hivi!" Tochi ikaanguka. "Vuteni!"

"Ngojeni kwanza," msimamizi akasema, "labda anainama tu."

Sikungoja. Tulivuta, mwili ukapanda, kisha ukanasa kwenye kidato cha ngazi. Kibarua mmoja akarusha mguu ndani ili akamnasue. Nilimkamata shati nikalia, "Ukiingia tutazika wawili!" Tukalegeza kamba, tukavuta tena, tukalegeza. Kila tulipolegeza nilihisi namzamisha kwa mikono yangu mwenyewe. Mara ya nne akanasuka.

Tulimlaza kwenye nyasi. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Nilimpigapiga mashavu nikimwita, mpaka akakohoa, akatapika, akafungua macho bila kunitambua. Wakampakia kwenye pikapu wakampeleka hospitali.

Msimamizi alirudi kwangu. "Zimebaki nati mbili tu, mama."

Nilifunga mfuniko kwa kufuli, nikatia ufunguo kifuani. "Hakuna mtu anashuka hapa. Ondoeni magunia." Pampu ya pili ya zamani ilikuwa bado imeunganishwa. Nikaiwasha. Nilijua naweza kufutwa kazi kabla jua halijatua.

Sikufutwa. Jumatatu walileta mashine ya kupima hewa pamoja na feni kubwa. Mashine iliteremshwa kwa kamba, na haikufika hata nusu ya kisima kabla haijaanza kupiga kelele. Msimamizi aliisikiliza, akaondoka akasimama kando ya pikapu, akatupa kisogo. Feni ilivuma siku nzima ndipo watu wakashuka, wamevaa barakoa za mitungi ya hewa.

Fundi alirudi baada ya wiki kadhaa, lakini kichwa kilimsumbua na alisahau mambo, wakamhamishia stoo. Mkewe alikuja kwangu Mumbuni kunishukuru. Aliniuliza kama mumewe aliteseka mle ndani. Nikamwambia hapana, na hilo lilikuwa kweli, ila sikumweleza sauti aliyokuwa nayo.

Pampu mpya zilihitaji mtu wa kuchunga taa zake za kuonyesha kama zinafanya kazi, na nikaachiwa kazi hiyo. Miezi ya kwanza nilikaa mlangoni, mgongo nje, macho kwenye taa, na kila zilipojiwasha zenyewe niliruka nikasimama.