Nilimukimbia Muganga, Akanifuata na Kuku

Wamama wenzangu, mucheke tu. Mimi mwenyewe nacheka, lakini uso nimeufunika na kitenge.

Mimba yangu ilikuwa ya miezi nane. Kwenye maternite yetu, nyumba ya kuzalia, huku Masisi, muganga anayezalisha ni mumoja tu: ndugu mudogo wa baba ya bwana yangu. Mukwe! Muntu ambaye sijawahi hata kula mbele yake, njo anione namna ile? Nikaona heri nihamie maternite ya Kibua, kwetu.

Kumwambia ukweli, haya ilinikaba. Nikamudanganya: "Papa, mama yangu iko mugonjwa sana. Acha niende kumuchunga Kibua, nitazalia kule."

"Wende na amani, mwanangu," akasema, ananihurumia.

Nikapanda moto, ile pikipiki ya abiria, nikijiona mwenye akili kuliko ukoo muzima. Nikasahau kwamba kwetu, mama ya bibi, yaani ya muke, akigonjwa, bakwe wanakuja kumusalimia.

Akakuja yeye mukwe, kuku kwapani. Akamukuta mama anatoka shambani na muzigo wa muhogo mugongoni, anaimba. Mama, kwa furaha, akamuleta moja kwa moja maternite, kule nilikolazwa kungojea kuzaa.

Saa hiyo mimi niko kitandani, napiga kelele. Mutoto ametanguliza miguu, na mama muzalishaji, aliyekuwa peke yake, amekimbia mulangoni: "Hapa hakuna muntu anajua kuzalisha?"

Mukwe wangu akamupa mama yangu kuku, akanawa mikono, akaingia.

"Mama yako amepona, mwanangu," akasema. "Sasa tukuangalie wewe."